Mmea Niliouozesha

Shosho aliniletea mmea wake siku ya Jumanne asubuhi, kabla sijafunga mlango niende kazini. Alikuja ameukumbatia kifuani, ule mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa chungu chake ameuzungushia kitambaa ili kutu isimchafulie sweta, na matawi yakimgusa kidevu. Nilijua kwamba anasafiri kwenda kwao upande wa Murang'a kumuuguza dada yake. Majirani wa ua mzima tulijua. Lakini sikutarajia kwamba angepita milango sita yenye wanawake wanaojua kupanda sukuma na dania, aje kwangu mimi, mwanamume anayeishi peke yake na ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu.

"Baba," akasema. Ndivyo wazee wa kwao wanavyowaita vijana wanaowapenda. "Nakuachia huyu."

"Shosho, mimi sijui mimea."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wanaojua hawasikii wakiambiwa. Na wewe una mkono mtulivu."

Alikuwa akizungumzia kazi yangu. Nashona mikoba na mishipi ya ngozi katika soko la Kariokor, na yeye mwenyewe nilimshonea mkoba anaoendea kanisani. Nilifurahi. Nakiri hapa mwanzoni kwamba nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu wanawake wawili walikuwa bombani wakichota maji na walisikia kila neno.

Shosho si nyanya yangu wa kunizaa. Ni jirani. Nilizaliwa katika nyumba hii ya mtaa wa Jericho ninayoishi hadi leo; mama aliporudi shambani uzeeni aliniachia. Tangu nikiwa mtoto, mmea ule ulikuwa kwenye dirisha la shosho, upande unaopata jua la asubuhi, na sisi watoto tulijua kwamba mpira ukielekea kule, afadhali uupoteze kuliko kuufuata mbio. Mume wake alikuwa mtunza bustani kwa wenye nyumba kubwa ng'ambo ya pili ya jiji. Ndiye aliyeleta kitawi kimoja ndani ya mfuko wa koti. Alikufa mwaka huohuo, kabla kitawi hakijatoa jani jipya, na shosho akakilea.

Wauza miche wa kando ya barabara huuita jedi. Jedi ya kawaida ni ya kijani kitupu na utaiona kila mahali. Huu wa shosho ulikuwa na mabaka. Kila jani lilikuwa nene kama ulimi wa mtoto, kijani katikati na ukingo wa rangi ya maziwa, na mengine yamegawanyika nusu kwa nusu kana kwamba yamechovywa. Jua la asubuhi likiupata kwa wiki kadhaa, ncha za majani zilipata wekundu mwembamba. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu.

Aliketi kwenye stuli yangu akanifundisha, nami nikimtazama huku nikiwaza kwamba nitachelewa.

"Chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo, usimwagilie. Kikitoka kikavu, ngoja siku mbili zaidi, ndipo umwagilie. Jua la asubuhi peke yake. La saa nane litachoma ile nyeupe."

"Sawa, shosho."

"Ukiona tawi limetoka kijani kitupu, likate, hata likiwa zuri namna gani. Kijani kina nguvu. Kitakula chakula chote na mabaka yatapotea. Na ukiona tawi limetoka jeupe lote, usilisifu. Haliwezi kujilisha, linalishwa na wenzake."

"Na majani yakinyauka?"

Aliinua kidole. "Hapo ndipo watu hukosea. Yakikunjamana na udongo ni mkavu, ni kiu. Yakikunjamana na udongo una maji, mizizi imeoza. Usiongeze hata tone. Huu mmea, baba, hauuawi na kusahauliwa. Unauawa na mtu anayeupenda bila subira."

Nikaitikia kila jambo. Sikuandika chochote.

Wiki za kwanza nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilichomeka kidole, nikakitazama, nikangoja. Mmea ulikaa dirishani kwangu na watu waliopita walisimama. "Kumbe shosho amekuachia wewe," walisema, na mimi nikajibu, "Ameniamini tu," kwa sauti ya unyenyekevu niliyokuwa nimeizoea kanisani. Kule kanisani nilikuwa mmoja wa wale wanaosimama mlangoni kukaribisha watu na kupitisha kikapu cha sadaka. Nilikuwa mtu wa kuaminiwa, na nilipenda jina hilo kuliko nilivyokuwa tayari kukubali.

Nilianza kuupiga picha. Niliweka moja kwenye simu, ambapo marafiki wote huona, na majibu yakamiminika. Jamaa anayeshona viatu vya matairi kwenye kibanda kinachopakana na changu aliniuliza, "Buda, hilo ni ua ama ni plastiki?" Nilicheka siku nzima. Nikapiga picha nyingine, na nyingine. Kisha nikaanza kuona kwamba ule mkebe haupendezi. Kutu ilikuwa imekula ukingo na maandishi ya kampuni yalikuwa yamefifia. Katika kila picha, jicho langu lilikwenda kwenye mkebe.

Nikanunua chungu cheupe kinachong'aa. Hakikuwa na tundu chini. Muuzaji aliniambia, "Utatoboa mwenyewe, ama uweke kokoto." Niliogopa nikitoboa kitapasuka, nikaweka kokoto. Shosho alikuwa ameupanda mmea wake kwenye mchanga uliochanganywa na makaa yaliyopondwa, udongo ulioonekana wa kimaskini. Mimi nikaleta udongo mweusi wenye samadi. Mkebe nikautupa.

Mmea uliitikia vizuri. Hilo ndilo lililonidanganya. Ulitoa tawi jipya, nene, la kijani kitupu, likapanda kuliko yote. Nilikumbuka aliyosema shosho. Nilishika kisu cha kukatia ngozi, nikakiweka karibu na tawi, nikaliona jinsi lilivyojaa afya, nikakirudisha kisu mahali pake. Nikapiga picha.

Halafu ikaja baridi ya mwezi wa sita, ile ya mawingu na manyunyu ambayo nguo huchukua siku tatu kukauka. Nilikuwa nimeuhamishia mmea nje, kwenye ukuta mfupi kando ya bomba la ua, ili uonekane. Majani ya chini yakaanza kukunjamana. Nikasema una kiu. Nikamwagilia. Yakazidi kukunjamana, nikazidi kumwagilia. Sikuchomeka kidole. Ningechomeka ningejua, na nadhani sehemu fulani ya nafsi yangu ilijua na haikutaka kuhakikisha. Majani yakageuka rangi ya kitunguu kilichochemshwa, yakawa yanadondoka ukiyagusa. Siku moja nilishika shina likabonyea kama ndizi mbovu, na harufu ikanipanda puani.

Kile nilichofanya baadaye kinaniaibisha zaidi ya kule kuuozesha. Niliukunja mmea mzima ndani ya gunia ninalobebea vipande vya ngozi, nikaondoka nao asubuhi kwenda Kariokor, nikautupa kwenye jaa la soko. Sikutaka mtu wa kwetu auone kwenye pipa la taka. Miezi baadaye muuza miche mmoja aliniambia kwamba ncha za juu zilikuwa bado nzima, kwamba ningezikata, nikaziacha kivulini siku tano au sita mpaka kidonda kikauke, nikazichomeka kwenye mchanga mkavu, zingeshika zote. Mmea ungezaliwa upya mara kumi. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuficha, na anayeficha hana muda wa kutazama kama kuna kilicho hai.

Shosho alirudi mwezi wa nane, siku ya Alhamisi. Dada yake alikuwa amepona. Nilikuwa nimetoka kazini mapema, nikamkuta ameketi kwenye ngazi yake akiwagawia majirani ndizi na parachichi za shambani. Alinikumbatia. Kisha akatazama dirisha langu, akatazama ule ukuta mfupi.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Nilikuwa na siku nyingi za kuandaa jibu na sikuwa nimeandaa. Niliposafisha koo, wanawake wanne waligeuka kunitazama, na mkononi kila mmoja alikuwa na parachichi.

"Shosho," nikasema, "ulikufa. Nadhani ni yule mama fua. Nilikuwa nimeuweka hapo bombani upate hewa. Yale maji yake ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe... nadhani alimwaga beseni pale."

Nilisema "nadhani" mara mbili. Kwa wiki kadhaa nilijitetea moyoni kwa neno hilo.

Yule tuliyemwita mama fua alikuwa mwanamke wa makamo kutoka mtaa wa Ziwani, Mwislamu, aliyekuja kila Jumamosi kufua nguo za nyumba tano au sita za ua wetu. Alifika mapema, akafunga mtandio wake vizuri, akafua mpaka adhuhuri, akaswali kwenye kona nyuma ya stoo, akarudi kusuuza. Hakuwa na maneno mengi. Alinifulia mimi pia mashati ya kanisani, na kola zangu hazijawahi kuwa nyeupe vile tena. Hakuwahi kumwaga beseni popote isipokuwa kwenye mtaro.

Jirani mmoja alidakia, "Nilijua! Hata dania yangu ilikauka mwezi uleule." Mwingine akasema, "Mtu wa kutoka nje, huwezi kujua anafanya nini ukimpa mgongo." Ndani ya dakika chache lilikuwa jambo lililothibitishwa. Mimi nilipewa parachichi mbili.

Jumamosi ile sikwenda kazini. Niliketi ndani nikishona mshipi, pazia limefungwa, kwa sababu nilijua mama fua atakuja. Nilisikia ndala zake. Nilisikia sauti ya jirani ikimwambia leo hakuna nguo.

"Kwa nyumba zote?" akauliza.

"Zote."

"Nimekosa nini?"

Wakamwambia. Nikaacha kushona.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeua mmea wa yule nyanya? Wallahi sijui jambo hilo. Nani ameniona?"

Mtu akataja kwamba mimi ndiye niliyesema. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona akigeuka kuutazama mlango wangu. Alikuwa amebeba beseni lake kwapani na mfuko wa sabuni mkononi. Alingoja. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka stuli yangu. Nilihesabu nyuzi kwenye mshipi, nikahesabu tena. Baadaye ndala zikaondoka.

Wiki zilizofuata shosho alinifanyia wema mpaka nikatamani anitukane. Aliniletea bakuli la githeri lililofunikwa na sahani. "Usijilaumu, baba," alisema. "Mtu hawezi kulinda kila kitu." Jumapili moja alisimama kanisani kutoa shukrani kwa kupona kwa dada yake, na kabla hajaketi akaongeza kwamba anamshukuru pia kijana wa jirani aliyemtunzia mali yake hata kama shetani aliingilia. Watu wakageuka kunitazama wakitabasamu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika kikapu.

Pengine ningezoea. Nasema hivi kwa sababu ni kweli: nilianza kuzoea. Kulikuwa na siku nzima zilizopita bila kukumbuka. Kisha nikakutana na mama fua.

Karibu na soko kuna ukuta ambapo wanawake wanaotafuta kazi za siku moja huketi asubuhi wakingoja mtu aje awachukue kufua au kusafisha. Nilikuwa napita na mzigo wa ngozi begani. Alikuwa ameketi wa mwisho, mahali ambapo kivuli kilikuwa kimeshaondoka. Nilitaka kupita, lakini aliinuka akanifuata.

"Kaka. Habari za siku?"

"Nzuri, dada."

Nilitarajia anishike shati. Badala yake akapunguza sauti, kana kwamba yeye ndiye mwenye siri.

"Kaka, nataka kukuuliza, na unijibu kwa Mungu. Wewe uliuona ule mmea. Mimi nimejaribu kukumbuka kila Jumamosi, moja baada ya nyingine. Naona kama sikumwaga. Lakini siku nyingine mgongo huniuma, naharakisha. Labda nilimwaga bila kujua?" Alikuwa akijipapasa vidole vya mkono mmoja kwa mwingine. Vilikuwa vimechubuka. "Kama ni mimi, nisaidie kumwomba yule nyanya msamaha. Mwambie sikukusudia. Mimi nikienda hawatanifungulia."

Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua nilichosema, kwa sababu nimekirudia kichwani mara nyingi.

"Nitamwambia," nikasema.

"Mungu akubariki, kaka." Akarudi ukutani.

Siku hiyo nilikata ngozi vibaya mara tatu. Jamaa wa viatu vya matairi aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Kilichokuwa kikinitafuna si kwamba amekosa kazi. Hilo nilikuwa nalijua tangu Jumamosi ile nyuma ya pazia. Kilichonitafuna ni kwamba aliniamini mimi kuliko alivyojiamini mwenyewe. Nilikuwa nimeingia ndani ya kumbukumbu yake na kuweka jambo ambalo halikutokea.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata shosho nyumbani kwake. Alikuwa akimenya minji kwenye ungo. Sikuketi.

"Shosho, mmea wako niliuua mimi."

Aliendelea kumenya.

Nikamweleza yote, nikianza na picha. Nilimweleza habari ya chungu, udongo, tawi la kijani ambalo sikulikata, maji, gunia, jaa la soko. Nilipofika kwa mama fua nikalazimika kuanza upya sentensi. Alipandisha macho mara moja tu.

"Chungu hakikuwa na tundu?"

"Hakikuwa nalo."

"Na mkebe wangu?"

"Niliutupa."

Hapo ndipo alipoacha kumenya. Aliweka mikono juu ya minji, akatazama dirisha lake tupu. Nilidhani atalia na nikaanza kusema maneno ya kuomba msamaha, mengi, yaliyofuatana. Akanikatiza.

"Nyamaza kwanza. Mmea ni mmea. Nimekaa nao miaka mingi na nilijua kwamba kuna siku ningefiwa nao au ungefiwa nami. Lakini mimi nilimnyima mtu riziki kwa kinywa chako. Mimi! Nilipita mlango kwa mlango nikisema, 'Msimpe nguo.' Wewe ulijua hivyo?"

Sikujua. Nilidhani ni majirani wenyewe.

"Basi umenitia dhambini pamoja nawe," akasema. Hakuniita baba. "Jumamosi, saa ya kufua, utasimama bombani. Uongo uliusema mbele za watu. Hutaurekebisha jikoni mwangu."

Jumamosi nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye mstari wa Biblia ndani yake, lakini nilipoona nyuso nikasema tu: "Mama fua hakuua ule mmea. Ni mimi. Niliumwagilia mpaka ukaoza, nikadanganya." Mtu mmoja alicheka, akidhani kuna mzaha unafuata. Yule wa dania akainamia beseni lake. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye hunipa funguo za nyumba yake akisafiri, akasema polepole, "Na wewe ndiye unayetupitishia kikapu." Waliendelea na kazi zao, na nilisimama pale nisijue kama nimeruhusiwa kuondoka. Shosho alikuwa kwenye ngazi yake. Alitikisa kichwa kidogo kuelekea upande wa barabara, maana yake, nenda ukamalize.

Nilimpata mama fua nyumbani kwake Ziwani baada ya kuuliza milango mitatu. Aliniona, akafurahi. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote yaliyotangulia. Alidhani nimeleta jibu la nyanya.

"Karibu, kaka. Amesemaje?"

Nikamwambia nikiwa nimesimama kizingitini. Nilimwambia hakumwaga. Nilimwambia siku zote alizokuwa akijaribu kukumbuka, alikuwa akikumbuka sawasawa. Nilimwambia kwamba hata siku ile aliponiuliza pale ukutani, nilijua.

Furaha ilimtoka usoni polepole. Alishika mwimo wa mlango.

"Siku ile nilipokuuliza," akasema. "Nilikuuliza kwa Mungu."

"Ndiyo."

"Ukanijibu utamwambia."

"Ndiyo."

Ndani mtu alikuwa akisikiliza redio, ikazimwa.

"Kazi si kitu," akasema mwishowe. "Kazi huja na kuondoka. Lakini mimi nilianza kuiogopa mikono yangu. Nikiwa kwa watu nabeba maji, natazama nyuma nione kama nimemwaga. Nimefua tangu nikiwa msichana. Ulinifanya niwe mtu asiyejijua."

Nilisema, "Nisamehe, dada."

"Nimesikia," akasema.

Nikamwambia kwamba ua mzima unamwomba arudi, na kwamba shosho mwenyewe atakuja kumwona. Akatikisa kichwa. "Yeye aje, nitampikia chai. Amedanganywa kama mimi. Lakini kufua kwenu sirudi." Akafunga mlango, si kwa kishindo.

Shosho alikwenda kweli, wiki iliyofuata, na kilo mbili za sukari kwenye ule mkoba niliomshonea. Alikaa huko mchana wote. Hakuwahi kuniambia walizungumza nini na sikuthubutu kuuliza.

Nilijiuzulu kule mlangoni kanisani kabla sijaambiwa. Mchungaji alisema nipumzike kwa muda kisha nirudi. Sijarudi, nakaa viti vya nyuma, na kikapu kikinifikia nakipitisha haraka kama kitu cha moto.

Nilitafuta jedi nyingine yenye mabaka. Ilinichukua muda, nikaipata kwa muuza miche mmoja, ndogo, yenye matawi mawili tu, nikampelekea shosho ikiwa kwenye mkebe niliotoboa kwa msumari mwenyewe. Aliigeuza, akaichunguza majani, akanirudishia.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini si yangu. Itunze wewe. Ukiiua, utajua umeua ya kwako."

Ipo dirishani, ndani, ambako wapitao hawaioni. Imefikisha matawi saba. Mara mbili imetoa chipukizi la kijani kitupu na nimelikata siku hiyohiyo. Sijaipiga picha. Ua wetu sasa una mama fua mwingine, msichana mwenye kicheko kikubwa, na siku zake nikiwa nyumbani hujikuta nafunga dirisha, nisiione jedi na yeye kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita yule wa Ziwani alikuja Kariokor kununua viatu. Nilimwona akitokea mwisho wa safu ya vibanda, nikajua ameniona, kwa sababu alipunguza mwendo. Kisha akaja, akasimama kwa jirani yangu wa viatu vya matairi.

"Salama?" akaniambia kutoka pale.

"Salama, dada."

Hakuniita kaka. Alijaribu jozi mbili, akavutana na jamaa kuhusu mikanda iliyombana kisigino, wakakubaliana aiongeze urefu. Alitoka amevaa vile vipya, vya zamani amevibeba mkononi, na hakugeuka.

Jamaa alikusanya vipande vya raba kutoka sakafuni. "Yule mathe unamjua?" akaniuliza.

"Namjua," nikasema. "Nilimkosea sana."

Aliendelea kukusanya, akidhani nitaishia hapo. Nikaweka sindano chini nikamweleza.